Kigoda cha Inchi Mbili

Barua ya chuo ilikuwa na mistari sita tu. Denton Hruska aliisoma akiwa amesimama jikoni kwa shangazi yake, kijiko kikiwa bado mdomoni.

Aliyeiandika alikuwa bwana mmoja aitwaye Sorrell, anayewafundisha wapiga mateke katika chuo kikuu cha jimbo. Alisema amezitazama kanda zote za Denton. Mguu una nguvu, na shabaha anayo. Ila kila mpira katika kanda zile umekaa juu ya kigoda, na chuoni hakuna vigoda. "Nina nafasi moja," aliandika. "Nitakuja kwenye mechi yenu ya mwisho, Novemba. Nionyeshe teke moja lililopigwa kutoka kwenye majani, katika mechi ya kweli, watu wakikujia mbio. Mazoezini kila mtu hodari."

Kigoda chenyewe ni kipande cha plastiki ngumu, cheusi, upana wa kiganja, unene wa inchi mbili. Katika mpira wa Kimarekani wa shule za sekondari sheria inakiruhusu. Mwenzako anaudaka mpira uliorushwa nyuma, anausimamisha juu ya kigoda, anauzuia kwa ncha ya kidole, nawe unakuja mbio kuupiga upite katikati ya milingoti miwili. Inchi mbili ni kitu gani? Kwa mpita njia si kitu. Kwa mpiga teke ni kama kumwondolea mtu ngazi moja katika ngazi anazopanda kila siku akiwa amefumba macho.

Shangazi Verna aliichukua barua, akavaa miwani, akaisoma mara mbili, kama alivyosoma kila karatasi iliyotoka kwa mtu mwenye ofisi.

"Hapa kaandika 'nafasi moja'," alisema. "Hakuandika 'labda'. Umeona?"

"Nimeona, shangazi."

"Basi nipe hicho kigoda chako."

Denton alikitoa begini. Shangazi alikigeuzageuza, akainama huku akiguna, akakisukuma chini ya mguu wa friji uliokuwa ukichechemea tangu Pasaka. Friji ikatulia.

"Hapo kitafanya kazi ya maana," alisema. "Vaa viatu."

Huo ulikuwa mwezi wa Juni.

Mji wa Tarrick, ukingoni mwa mto upande wa jimbo la Ohio, ulikuwa na kazi mbili tu za kumpa kijana aliyemaliza shule. Angeweza kuendesha lori, kama baba yake Denton, ambaye simu zake zilikuja kutoka majimbo ambayo mwanawe aliyajua kwa ramani tu. Au angeweza kupanda kilimani akawe askari katika gereza jipya, awafungie milango watoto wa wenzake. Zamani palikuwa na kiwanda cha mitungi ya kioo. Watu elfu moja na mia mbili walifanya kazi pale, zamu tatu, tanuru halizimwi hata siku ya Krismasi. Kisha wenye kiwanda wakaamua kwamba kioo kinaweza kuyeyushwa kwingine, na watu wa kwingine wanaweza kutishwa kwa urahisi zaidi. Sasa watu wa maredio husema kiwanda "kilikufa", kana kwamba kilishikwa na homa. Hakikufa. Kiliuawa, na waliokiua wana majina na nyumba za kando ya ziwa.

Shangazi Verna aliyajua majina hayo yote kwa mpangilio wa herufi.

Alimpeleka Denton hadi kwenye lango la kiwanda. Lango lenyewe lilikuwa limeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, ila nguzo zake mbili zilisimama bado, ndefu kama minara, kutu kutoka juu hadi chini. Mbele yake palikuwa na uwanja wa majani yaliyojiotea, na nyuma yake uani pamejaa magugu.

"Milingoti ya shule ina upana gani?"

"Futi ishirini na tatu na ushee."

"Na ya chuo?"

"Kumi na nane na nusu."

"Hizi nguzo nimezipima jana. Kumi na nane kamili." Alipiga magoti kwenye majani, mpira mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye koti la chama cha wafanyakazi lililopauka mgongoni. "Miaka ishirini na moja iliyopita, wakati wa mgomo, walitufungia hili lango tukiwa tumesimama hapahapa ulipo. Sasa utalipita kila siku. Anza."

Watu wa mji walicheka. Verna hakuwahi kucheza mpira, na vyote alivyovijua alivisoma katika vitabu viwili vya maktaba na kanda moja ya video iliyokwaruza. Lakini alikuwa na kitu ambacho makocha wengi hawana. Miaka ishirini alikaa mwisho wa mkanda, mitungi ikimpita, kazi yake kuitazama na kuugonga mmoja mmoja aliotilia shaka, asikilize mlio. Wenye ufa aliutoa, ukapondwa, ukarudishwa tanuruni. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo meupe kama punje za mchele, na masikio yake hayakudanganyika.

Teke la kwanza la Denton kutoka majanini liliuparuza mpira, ukabingirika kama kuku aliyefukuzwa jikoni. La pili vilevile. La kumi lilichimbua udongo, akashika goti.

"Shangazi, mguu wangu haufiki chini ya mpira."

"Mguu wako unautafuta mpira ulipokuwa zamani. Kitu hakipo tena, na wewe bado unakiwekea nafasi. Rudi nyuma."

Wakaanza upya kama mtoto anayejifunza kutembea. Hatua tatu nyuma, mbili kando. Mguu wa kushoto, ule wa kusimamia, usikae nyuma ya mpira wala usiupite, ukae ubavuni mwake, shibiri moja na nusu. Kifundo cha mguu wa kulia kikazwe. Usipige kwa kidole, piga kwa ule mfupa mgumu ulio juu ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapoishia. Kichwa chini. Kichwa kibaki chini hata baada ya mpira kuondoka, maana anayeinua macho kuangalia kama amepata, huyo keshakosa. Wiki tatu alipiga bila mpira, akifyeka majani tu. Wiki iliyofuata alipiga kwa hatua moja. Alijifunza kulowesha kidole gumba na kuupima upepo. Alijifunza kupiga mvua ikinyesha, na kupiga mguu ukiwa umechoka.

Katikati ya Julai mpira wa kwanza ulipita katikati ya nguzo, ukaanguka uani kwenye magugu. Denton akarusha mikono juu.

"Una ufa," shangazi alisema.

"Umepita!"

"Umepita ukiyumba. Sikia mlio wake, kama kopo la maharage. Rudisha tanuruni."

"Shangazi, goli ni goli. Hakuna refa anayesikiliza mlio."

"Refa hapana. Novemba ndiyo inasikiliza. Mtungi wenye ufa haupasuki siku ya kwanza, mwanangu, unapasuka kwenye kabati la mtu akiwa ameshatia matango yake. Rudisha."

Ikawa ndiyo lugha yao. *Una ufa. Rudisha tanuruni.* Mzuri alipoupiga, shangazi hakusema kitu, alinyoosha mkono kuomba mpira unaofuata. Siku moja Denton alimlalamikia.

"Hata mara moja hujaniambia vizuri."

"Mtungi mzima ulipokuja mbele yangu sikuusemesha," Verna alijibu. "Niliuacha upite."

Mwezi wa Agosti timu ilirudi mazoezini, na Denton akapata mshikaji wa mechi. Jina lake Amos Bascom, mrefu, mdomo mwingi, mtupa mpira wa akiba ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa kudaka mpira na kuusimamisha kwa ajili ya teke. Wapiga mateke hudharauliwa, hilo si siri. Wenzao wanavunjana mbavu uwanja mzima, wao wamekaa pembeni wamevaa kizibao. Amos alimwita Msafi.

"Jezi yako, Msafi, mama yangu anaulizia sabuni mnayotumia."

"Mwambie ni kutokaa karibu na wewe."

Lakini Amos alipokwenda langoni Jumapili ya kwanza akamwona mama wa miaka hamsini na minane akisimamisha mpira kwa kasi kuliko yeye, mshono umegeukia mbele kila mara bila kuutazama, aliweka utani wake kando. Akapiga magoti kando yake, akajifunza. Jumapili iliyofuata alimleta Lorne Gustin, jitu lenye shingo kama shina la mwaloni, ambaye ndiye hurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Shangazi aliwapikia supu ya maharage na kisigino cha nguruwe. Wakawa watatu. Kurusha, kushika, kupiga: kwa muda wa kukohoa mara moja, kazi imekwisha.

Aliyekataa ni Kocha Dunleavy.

"Kigoda kipo kwa sababu kipo," alisema wiki ya kwanza ya msimu, mkono ukiwa begani kwa Denton, kwa ile sauti ya baba ambayo wakubwa huitumia wanapokunyima kitu. "Sheria imetupa inchi mbili. Mimi siziachi inchi mbili. Ukitaka kufanya maonyesho yako, yafanye chuoni."

"Kocha, sitafika chuoni nisipo—"

"Mimi ni kocha wa Tarrick, kijana. Si wakala wako."

Basi mechi zote za msimu Denton alipiga kwenye kigoda, yadi ishirini, ishirini na tano, karibu kiasi kwamba hata mguu wenye mashaka ungefika. Jumapili alirudi majanini. Kila Jumatatu alihisi mwili ukilalamika, kama mtu aliyelazimishwa kuandika kwa mkono usio wake. Oktoba ilipoisha alimwambia shangazi yake ukweli.

"Kigoda kimeanza kunichanganya. Karibu na milingoti naurekebisha mguu. Nikiwa mbali sitaweza kuurekebisha."

Verna alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Nikuambie kitu ambacho sikumwambia hata baba yako," alisema. "Ule mwaka wa mgomo, walituita mezani. Wajumbe saba, na mimi nikiwemo. Njooni saa mbili asubuhi. Januari. Tukafika saa mbili, mlango umefungwa. Subirini, mkubwa yuko kwenye simu. Saa tatu. Saa nne. Theluji inafika hapa. Walikuwa wakitutazama dirishani, mwanangu, wana kahawa mkononi. Saa tano wakafungua, chumba kina joto kama kitanda, karatasi iko mezani. Nikatia sahihi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kukubali mtu mmoja asimamie tanuru badala ya wawili. Hata sikuisoma vizuri. Nilitaka yaishe. Unaelewa? Sikushindwa kwa hoja. Nilitaka yaishe tu, nikaote moto." Alichukua kisu tena. "Machi mtu mmoja akaungua akiwa peke yake. Jina lake Stefan Wojcik. Mara ya pili walipotuita, tulikwenda na pipa la moto na sufuria ya supu. Walipofungua mlango saa tano tukawaambia ngojeni kidogo, tunakula."

Denton akaokota ganda la kiazi lililoanguka.

"Kwa hiyo nawe watakugandisha," shangazi alisema. "Kila mpiga teke hugandishwa, mchezo unasimamishwa ili hofu imwingie. Siku hiyo usitamani yaishe. Ule muda wanaokupa ili uteseke ni wako. Uule taratibu, kama tulivyokula ile supu."

Mechi na Halvern, mji wa ng'ambo ya mto, huchezwa Jumamosi ya pili ya Novemba, saa nane na robo mchana. Saa nane na robo, si saa nane, kwa kuwa zamu ya asubuhi ilikuwa ikitoka saa nane, na watu walihitaji robo saa kuvuka reli na kununua soseji. Kiwanda kimefungwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na mechi bado inaanza saa nane na robo. Meneja wa zamani aliishi Halvern. Waliovunja mgomo walivushwa kwa mabasi kutoka Halvern. Wageni hushangaa kwa nini watu wazima wanalia kwa ajili ya mchezo wa watoto. Waache washangae.

Siku ile kulikuwa na upepo kutoka mtoni na jua lisilo na joto. Bwana Sorrell alikuja, mtu mfupi mwenye kofia ya chuo, akaketi peke yake mstari wa tatu. Denton alimwona, Amos pia.

"Ndiye yule? Mbona kama muuza bima."

"Usimwangalie."

"Simwangalii. Namuuzia sura."

Kwa muda wa saa mbili na nusu timu zilipigana kama mbuzi dume. Denton alipata teke moja dogo, kwenye kigoda, likaingia. Sorrell aliandika kitu kifupi sana. Kisha zikabaki sekunde nne, Halvern ishirini na mbili, Tarrick ishirini, mpira ni wa Tarrick. Teke likiingia ni pointi tatu. Umbali ni yadi arobaini na tatu. Hakuna mtu wa Tarrick aliyewahi kujaribu umbali huo katika mechi hii.

Kocha Dunleavy alimshika Amos jezi, akampa kigoda mkononi.

"Kwenye hiki. Mmenisikia? Kwenye hiki."

Wakaingia. Lorne akainama. Amos akaweka kigoda, akapiga magoti. Denton akahesabu hatua zake, tatu, mbili, akatikisa kichwa kuashiria yuko tayari. Upande wa pili, kocha wa Halvern, Pruitt, alikuwa amesimama sentimita chache kutoka kwa mwamuzi, mikono tayari. Alikuwa na ruhusa ya kusimamisha mchezo mara moja tu. Wanaoujua mchezo hawamgandishi mpigaji mapema. Unangoja mpaka sekunde ya mwisho, mpira ukikaribia kurushwa, ndipo unaomba, ili roho ya mtu irudi tumboni.

Lorne akarusha. Filimbi ikalia wakati huohuo, lakini miguu ilikuwa imeshaondoka na hakuna aliyeizuia. Amos akadaka, akasimamisha, Denton akapiga.

Alijua kabla ya kuinua kichwa. Ulitoa ule mlio wa kopo la maharage. Mguu wake ulikwenda chini, mahali majani yalipo, mahali miezi mitano ilipoufundisha kwenda, na mpira ulikuwa inchi mbili juu yake. Ukapaa kama njiwa, juu, juu, ukachoka, ukaanguka yadi sita kabla ya milingoti.

Jukwaa la Halvern likalipuka. Kisha waamuzi wakapungiana mikono: haihesabiki. Mchezo ulikuwa umesimamishwa. Pruitt alikuwa ameomba muda, na amepewa. Dakika moja.

Hapo ndipo Tarrick nzima ilipoanza kusali, maana mtu aliyekosa mara moja atakosa tena, ndivyo inavyofikiriwa. Denton hakusali. Alisimama akitazama pale mpira ulipoangukia, akahisi kitu kama kicheko kikimpanda kifuani. Pruitt alidhani anamgandisha. Kumbe amemfungulia mlango na kumwonyesha, bila gharama yoyote, kosa liko wapi.

Kocha Dunleavy alikuja mbio uwanjani, uso umekuwa kama chokaa.

"Umeinua kichwa!"

"Sikuinua kichwa, Kocha. Nimepiga chini ya mpira. Ondoa kigoda."

"Nini?"

"Ondoa kigoda. Nikipiga kutoka chini unaingia."

"Sasa hivi? Sekunde nne, yadi arobaini na tatu, unataka kuniletea mambo ya shangazi yako? Utapiga kwenye kigoda, au simpi mtu apige. Nitamwambia mtupa mpira wetu autupe mbele na Mungu atatusaidia."

Denton alisikia upepo masikioni. Alisikia sauti ya jukwaa upande wa Halvern, wakiimba jina lake kwa kebehi, *Den-ton, Den-ton*. Kila mfupa wake ulitaka kusema ndiyo, Kocha, na kuyamaliza. Akaitambua ile hamu. Alikuwa ameelezwa sura yake jikoni, kando ya viazi.

"Mimi sina haraka, Kocha," alisema. "Umeona mwenyewe. Ule wa kwanza tumepewa bure ili uone. Tukirudia vilevile, utaanguka palepale."

"Sekunde thelathini!" mwamuzi alisema.

"Amos, weka kigoda," kocha alisema.

Amos aliokota kigoda, akakipangusa tope kwenye suruali yake kwa utulivu kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Kisha akakitupa. Kilivuka mstari wa pembeni, kikagonga ndoo ya maji.

"Mimi sishiki juu ya kile," alisema. "Samahani, Kocha. Mkono unauma."

"Bascom!"

"Na mimi," Lorne alisema kutoka chini, bila hata kuinuka, sauti yake ikitokea katikati ya miguu, "sirushi mpaka Msafi aseme."

Kocha Dunleavy aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu wa Tarrick, baba yake alikuwa mmoja wa waliosimama kando ya pipa lile la moto, na huenda ndipo alipotambua anachokiona. Huenda pia hakutambua chochote, ila saa ilikuwa ikienda na hakuwa na mtu mwingine wa kupiga. Magazeti yaliandika Jumatatu kwamba "katika uamuzi wa kijasiri, kocha aliamuru kigoda kiondolewe". Watu walikuwepo. Watu waliona kigoda kikiruka na mkono uliokirusha.

"Kumi!"

"Ukikosa—" kocha alianza.

"Nikikosa utanisema kesho. Toka uwanjani, Kocha, tutaadhibiwa."

Akatoka.

Amos alipiga magoti, akafuta kipande cha majani kwa kiganja, mahali padogo kama sahani ya chai.

"Hapa?"

"Inchi moja kushoto. Hapo."

"Msafi."

"Nini?"

"Ukiingiza, nafua jezi yako mwenyewe."

Hatua tatu nyuma. Mbili kando. Pruitt hakuwa na muda mwingine wa kuomba. Alisimama na mikono yake tayari, haina kazi. Denton alitazama milingoti mara moja, futi ishirini na tatu na ushee, akaiona pana kama mlango wa ghala. Akainamisha kichwa, akatikisa.

Lorne akarusha. Amos akadaka, mshono mbele, kidole juu. Mguu wa kushoto ukatua shibiri moja na nusu ubavuni, na wa kulia ukaja kutoka mbali, ukapita chini kabisa, ukazifyeka ncha za majani, ukaukuta mpira pale ulipokuwa.

Denton aliusikia mlio. Kavu, mmoja, kama mlango mzito uliofungwa vizuri. Hakuinua kichwa. Alitazama lile doa la majani mpaka miguu ya watu ikaanza kupita juu yake, mpaka Lorne akamnyanyua mzima-mzima kama gunia la viazi, ndipo akaona waamuzi wawili chini ya milingoti, mikono juu.

Bwana Sorrell alimngoja kwenye uzio, daftari limekunjwa mfukoni.

"Kwa nini ulikosa wa kwanza?"

"Kigoda, bwana."

"Nilidhani hivyo." Alimtazama mguu, si uso. "Njoo Agosti. Nitakuandikia. Nani amekufundisha kutoka chini?"

Denton alionyesha jukwaani. Watu wote wa Tarrick walikuwa wamemiminika uwanjani, na mstari mzima umebaki na mtu mmoja, mwanamke mwenye koti lililopauka, akifunga kifuniko cha chupa yake ya supu.

"Yule? Amechezea wapi?"

"Kiwandani," Denton alisema.

Alipanda ngazi mbili mbili, jezi safi, kifua kikimpanda na kushuka. Alisimama mbele yake. Alingoja. Watu walikuwa wakipiga kelele huko chini, mtu alikuwa akipiga honi ya gari mfululizo, na yeye alingoja neno, lolote, hata *una ufa*.

Shangazi Verna alimtazama juu mpaka chini, kwa lile jicho la mwisho wa mkanda. Hakusema kitu. Akavuta miguu yake kando, akampisha apite.